Kipande cha Theluji

Bi Shamsa alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa miguu. Miguu ilikuwa ikimuuma tangu zamani, alishaizoea. Kilichomchosha ni jina. Tangu mtoto wake wa mwisho yuko mgongoni mpaka leo ana wajukuu, hakuna siku aliyokatiza mitaa ya Kariakoo pasiwe na kinywa cha kumwambia, "Bi Shamsa, jiko umezima?" Naye, kwa kuwa ni mtu wa watu, na duka lake la nyuzi, zipu na vifungo halikuwahi kupata mteja kwa kununa, hujibu, "Nimezima, baba," akapita zake. Alijibu hivyo akiwa na homa. Alijibu hivyo siku aliyotoka kumzika mama yake, na aliyemuuliza hakuwa na habari ya msiba. Mwaka juzi muuguzi alisoma jina lake kwenye kadi, akainua macho, akasema, "Usiniambie wewe ndiye yule Shamsa wa jiko!" Akamchoma sindano huku mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Aliyemtia midomoni mwa watu hakuwa adui. Alikuwa mumewe, marehemu Hamud, Mungu amrehemu na amsamehe, maana ya kusamehewa yalikuwepo.

Hamud alikuwa mtafsiri wa filamu. Vijana wa leo wanaotazama kila kitu kwenye simu hawawezi kujua ukubwa wa cheo hicho. Enzi zile watu walijazana kwenye mabanda ya video, mabenchi ya mbao, joto la kuchemsha yai, wakatazama Wahindi wakilia na Wachina wakirushana mateke bila kuelewa hata neno moja. Akatokea Hamud na maikrofoni yake. Alikuwa jambazi, akawa polisi anayemkimbiza, akawa mama wa jambazi anayelia mlangoni, na ikibidi akawa mbwa. Watu walisema Hamud anajua lugha saba. Ukweli ni kwamba alijua Kiswahili, na Kiarabu cha kuulizana hali na jamaa zake wa Muscat. Vilivyobaki alivitafsiri kwa macho.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja: mtafsiri hanyamazi. Ukinyamaza, watu wanadhani spika imekufa, miluzi inaanza, na muda si mrefu mwenye banda anashikwa shati. Kwa hiyo filamu ikiwa kimya, mtafsiri anajaza. Atawasalimu rafiki zake wa mtaa wa Gerezani kwa majina, atawachokoza mashabiki wa ile timu ya Jangwani, atamwombea dua mgonjwa wa jirani, mradi sauti isikatike mpaka wahusika wafungue tena vinywa vyao.

Ndipo ilipokuja ile filamu ya Kijapani. Ilikuwa ya zamani, imepigwa Hamud hajaota ndevu. Jitu la mlimani limeiba moto wa kijiji kizima. Hakuna jiko linalowaka, wazee wanakufa kwa baridi. Binti mmoja anachukua chungu chenye mfuniko na kupanda mlima kwenda kuurudisha moto, na njiani anakutana na mbweha anayejigeuza mtu, daraja linalokula wapitao, na bibi kizee asiye na uso. Filamu yenyewe ilitembea zaidi ya huyo binti. Wamarekani waliinunua, wakaipunguza na kuitia Kiingereza. Nakala nyingine ikaangukia Hong Kong, ikapigwa maandishi ya Kichina chini. Hiyo ya Hong Kong ndiyo binamu yake Hamud aliyoikuta Dubai kwenye duka la mikanda ya video, akaileta Kariakoo katikati ya chupa za manukato.

Na katikati ya filamu hiyo kulikuwa na theluji. Binti anatembea kwenye theluji, peke yake, chungu kifuani, na hasemi neno. Wala hakuna mwingine anayesema. Ni upepo tu, na miguu inayozama. Sijui Wajapani walikuwa na haraka gani ya kutokuwa na haraka, maana kipande hicho kilikuwa kirefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Hamud alipofika hapo wakati wa kurekodi, hakuwa na rafiki aliyebaki kusalimiwa. Alikuwa ameamka na ugomvi. Asubuhi hiyo alikuta jiko la mafuta ya taa linawaka chini ya birika lililokauka, wakarushiana maneno yeye na mkewe, akatoka bila chai. Basi akavuta pumzi, akasema:

"Mtazameni mtoto wa watu, anahangaika kutafuta moto. Angekuja kwangu Mtaa wa Sikukuu asingepata taabu. Mke wangu Shamsa, jiko kwake halizimwi. Birika limekauka, jiko linawaka. Wali umeungua, jiko linawaka. Shamsa! Shamsa wee! Jiko umezima?"

Hakuishia hapo, theluji ilikuwa bado ndefu. Alieleza wali ulivyoungua siku mama yake alipokuja kula. Alieleza jinsi Shamsa anavyokoroma na kuapa kwamba hakoromi. Alieleza mambo ya ndani mwake, moja baada ya jingine, mpaka binti alipoikanyaga ardhi kavu.

Mabanda yalivunjika kwa vicheko. Mkanda ukanakiliwa, nakala zikazaa nakala, ukafika Mchikichini, ukafika Tanga, ukavuka maji mpaka Unguja. Shamsa alipopata habari alifungasha nguo akaenda kwa kaka yake. Hamud akamfuata na wazee na kanga, akaomba radhi mbele ya watu, akaapa kwamba kipande kile atakifuta. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Ungefuta mkanda wako, ya watu ungeifuata nyumba kwa nyumba? Shamsa alirudi kwake kwa sababu alimpenda, na alibaki na hasira yake kwa sababu alikuwa na haki nayo. Vyote viwili vilikaa nyumba moja mpaka Hamud alipokufa.

Na hata kufa kwake hakukusaidia. Siku ya msiba, mwili bado uko ndani, wanawake wamekaa mkekani, kukatokea harufu ya kitu kinachoungua uani. Mtu akauliza kwa nia njema, "Jikoni yuko nani?" Pale kwenye kona msichana mmoja akajiziba mdomo na upande wa kanga, ikashindikana, kicheko kikamtoka, na mkeka mzima ukafuata. Walicheka kwa kujizuia, jambo ambalo ni baya zaidi. Shamsa akaangua kilio. Walimshika mabega wakamwambia amwachie Mungu, wakidhani analilia mume. Alikuwa analia kwa hasira. Kicheko kile hakukisamehe.

Miaka ilipita. Mikanda ikaota ukungu, sahani za CD zikachunika, watu wakatupa deki zao. Watoto waliozaliwa baadaye hawakujua habari ya jiko. Waliobaki kuuliza ni watu wazima, na watu wazima, tusidanganyane, wanapungua. Bi Shamsa alishapiga hesabu zake kimoyomoyo: kichekesho hiki kitakufa pamoja na sisi, na wajukuu zangu hawatachekwa kwa ajili yangu. Alichokuwa anakitaka katika maisha yake, baada ya kulea, kuzika na kufungua duka kila asubuhi, kilikuwa hicho tu, kwamba neno lile litangulie yeye kaburini.

Ndipo alipotokea Anfal.

Alikuwa binti wa watu wa duka la vitambaa la Mtaa wa Mkunguni, amevaa buibui safi na viatu vya raba, mkoba wa kompyuta begani. Alisimama mbele ya kaunta mpaka mteja wa zipu alipoondoka.

"Shikamoo, Bi Shamsa."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo? Mguu wake?"

"Hajambo, anasalimia. Bi Shamsa, nimekuja kwa habari ya mzee Hamud, Mungu amrehemu."

Bi Shamsa akakaa kwenye kigoda. Habari zikianza hivyo, ni bora uwe umekaa.

Anfal alifanya kazi na watu wanaoandaa maonyesho ya filamu mjini. Alieleza kwamba Wajapani wameisafisha ile filamu ya moto, picha kwa picha, na wanaitoa upya dunia nzima. Na wametaka katika kila nchi ilikopita zamani ionyeshwe kama watu wa huko walivyoipokea. Marekani na Kiingereza chao cha ajabu, Hong Kong na maandishi yao, na Dar es Salaam na Hamud.

"Wamemjulia wapi Hamud?"

"Niliwaandikia mimi. Wamefurahi sana. Wanasema hata kwao, filamu zilipokuwa bubu, walikuwepo watu wa kazi hiyohiyo, wanakaa pembeni ya pazia wanawaelezea watu. Wamemwona mzee kama ndugu yao." Anfal akashusha sauti. "Tatizo nakala. Nimezunguka Gerezani, nimezunguka Mchikichini, nimeingia mpaka kwenye stoo za watu. CD zote zimekufa. Nikasema nije kwako. Labda mzee aliacha kitu."

Hamud aliacha kitu. Alikuwa na mtindo wa kurekodi sauti yake kwanza kwenye kaseti, kwa redio yake, ndipo aichanganye na picha kwa fundi. Kaseti za filamu ile zilikuwa kwenye droo ya cherehani, zimefungwa kwa lastiki, na Shamsa hakuwahi kuzisikiliza tangu alipotoka eda. Hakuzitupa vilevile. Ukimuuliza kwa nini, angesema droo haikuhitajika kwa kazi nyingine.

"Zipo," alisema.

Anfal akashika kaunta kwa mikono miwili. Furaha ilimjaa usoni mpaka Bi Shamsa akamwonea huruma kwa neno lililokuwa linafuata.

"Zipo, na nitakupa, kwa sababu marehemu alikuwa fundi na watu wamemsahau. Lakini kuna kipande sitaki kisikike. Ile theluji."

"Bi Shamsa!"

"Iachwe kimya. Si ndivyo walivyoipiga wenyewe?"

"Lakini hicho ndicho watu watakachokuja kusikiliza. Baba yangu anakisema mpaka leo, mama akichelewesha chai tu, utasikia, Shamsa wee..." Akajikamata. Mashavu yakamuiva.

"Umeona?" alisema Bi Shamsa taratibu. "Ndiyo maana. Mimi nimekibeba mwanangu, nimechoka. Sasa unataka kukipeleka dunia nzima, na Wajapani nao waje waniulize habari ya jiko?"

Anfal alikuwa mtoto aliyelelewa. Alisema sawa, kipande atakikata yeye mwenyewe ofisini, kwa mkono wake, na wakapatana aje kuzichukua kaseti siku inayofuata, baada ya alasiri.

Lakini Bi Shamsa hakuwa mtu wa kuamini mambo ya ofisini. Alishasikia kwamba kitu kikiingia kwenye kompyuta hakifi, unakifuta hapa kinachomoza kule. Siku ya pili baada ya sala ya adhuhuri aliteremsha nusu ya shata ya duka, akaketi chumba cha nyuma katikati ya maboksi ya vifungo, akaiweka redio ya Hamud mezani. Ilikuwa kubwa, nzito, ya kizamani, na alipoichomeka ikawaka, jambo ambalo lilimuudhi kidogo. Alitia kaseti, akabonyeza.

Jitu la mlimani likanguruma. Mbweha akacheka kwa puani. Bi Shamsa alizungusha mbele, akasikiliza, akazungusha tena, na kila alipoachia kidole Hamud alikuwa mtu mwingine. Kisha ikatokea pumzi, kiti kikalia, na sauti ikasema, "Mtazameni mtoto wa watu..."

Akazima haraka. Damu ilimpanda kichwani kana kwamba kaambiwa jana. Akaona mkeka wa msiba na yule msichana na upande wake wa kanga. Akarudisha nyuma kidogo, akavuta redio karibu, na akabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, kama Hamud alivyokuwa akifanya, cha kuchezesha na cha kurekodi.

Ili sauti ifutike, lazima redio irekodi kitu kingine juu yake, na kipaza sauti cha redio ile kilikuwa humohumo ndani yake, kinanasa chochote kilichopo. Bi Shamsa akakaa kimya. Kaseti ikazunguka. Nje bodaboda zilipiga honi, muuza viatu akatangaza bei kwenye spika yake bila kupumzika, mtu akagombana na mkokoteni. Mgongo ulimuuma lakini hakujisogeza, asije akatia neno. Kipande kilikuwa kirefu kweli, kuliko alivyodhani. Kidogo usingizi umchukue. Alipopima kwamba sasa binti atakuwa amefika nchi kavu, alizima, akasikiliza. Kelele za mtaa. Akasikiliza mbele kidogo, na bibi kizee asiye na uso akasema, "Karibu, mjukuu wangu." Alikuwa amepatia pale pale.

Akajisikia mwepesi. Tuseme kweli, alijisikia kama mtu aliyetua ndoo. Akapandisha shata akauza nyuzi mpaka jioni, akiimba.

Anfal alizichukua kaseti. Baada ya siku chache akapiga simu.

"Bi Shamsa, hapa kwenye theluji mbona nasikia bodaboda?"

"Nimeshakifuta mwenyewe. Nimekupunguzia kazi."

Kwenye simu Bi Shamsa akasikia kaseti ikirudishwa nyuma na bodaboda zikipita tena.

"Kimefutika kabisa?" aliuliza Anfal.

"Kabisa."

"Sawa, Bi Shamsa," alisema binti, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni chako. Nitaacha upepo wao tu."

Mtu wa pili kuambiwa alikuwa Mgeni. Mgeni alikuwa rafiki wa Hamud tangu ujana, anauza vipuri Gerezani, na kila Ijumaa akitoka msikitini alipitia dukani kumjulia hali shemeji yake na kunywa chai. Katika wote waliouliza habari ya jiko, Mgeni ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Hakuwahi kukosa hata Ijumaa moja, na kwa kuwa utani wa shemeji una ruhusa yake, hakuwahi kukatazwa. Ijumaa ile alifika, akaegemea kaunta, akavuta pumzi ya kuanza.

"Usinikumbushe jiko," Bi Shamsa akamwahi. "Nimekifuta. Kwenye kaseti. Hakipo tena duniani."

"Umekifuta, shemeji? Chote?"

"Chote."

"Mpaka ya kukoroma?"

"Chote, Mgeni."

Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Mimi nilidhani unapenda."

"Nani anapenda kuchekwa?"

"Lakini ulikuwa unajibu. Siku zote unajibu."

"Ningefanyaje? Ningefunga duka nikae ndani?" Sauti ilimpanda, na hakukusudia. "Mmeniuliza nikiwa mzima, mmeniuliza nikiwa mgonjwa. Mmecheka kwenye msiba wa mume wangu. Nimechoka, Mgeni. Nimechoka jamani."

Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo. Mgeni, mzee mzima, akajinyanyua kutoka kwenye kaunta. Akasema, "Basi tusamehe, shemeji. Niachie mimi." Akaondoka bila chai yake.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi mmoja huko Posta. Anfal alileta gari, akamkalisha Bi Shamsa mstari wa mbele, akaagiza apewe maji. Ukumbi ulijaa. Kariakoo yote ya zamani ilikuwepo, wazee wa Sikukuu na Mkunguni, mafundi wa Gerezani, mama mmoja kaletwa na kiti cha magurudumu, na nyuma vijana wengi na simu zao. Mama wa Kijapani aliyetumwa na wenye filamu alisema "Asanteni kwa kuja" kwa Kiswahili akapigiwa makofi mpaka akaona haya. Mgeni alifika amevaa kanzu ya Idi, akakaa kando ya shemeji yake. Kabla ya kukaa alikuwa amezunguka mistari yote, anainama, ananong'ona, watu wanaitikia kwa kichwa. Bi Shamsa alidhani anasalimia.

Taa zikazimwa.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ukumbini ni kwamba Bi Shamsa hakuwahi kuitazama filamu ile. Siku zile alikuwa na watoto, alikuwa na kazi za jikoni, na baadaye alikuwa na hasira. Sasa aliona mlima umesimama mbele yake, mweupe na mweusi, safi kama umepigwa jana, na kutoka pande zote za ukumbi ikaja sauti ya Hamud.

Akashika mkono wa kiti. Alikuwa amesahau ukubwa wake. Hamud alikuwa jitu, na watoto nyuma wakashtuka. Hamud alikuwa mkuu wa kijiji anayetetemeka, Hamud alikuwa mbweha anayejifanya mchuuzi wa utomvu wa sandarusi, na pale mbweha alipoanza kupatana bei kama mtu wa Kariakoo, anaapa kwa mama yake kwamba anauza kwa hasara, ukumbi ulicheka mpaka yule mama wa Kijapani akageuka kuwatazama watu. Bi Shamsa alicheka mpaka machozi. Akajivunia. Akajilaumu kwa kukosa utamu huo miaka yote. Daraja likala watu wawili, binti akaruka, akaanguka upande wa pili, akainuka na chungu chake.

Mbele yake ilikuwa theluji.

Sauti ya Hamud ikakatika. Ukabaki upepo wa Wajapani, na miguu ya binti inayozama na kutoka. Bi Shamsa akajiegemeza kwenye kiti. Haya, alijisemea, ndiyo hii sasa, pumzika mama. Akangoja raha ile aliyoisikia chumba cha nyuma siku ya kaseti. Binti alitembea. Upepo ulivuma. Binti akaanguka, akaushika mfuniko wa chungu usifunguke, akainuka. Raha haikuja. Kilichokuja ni kumtafuta Hamud. Bila kukusudia Bi Shamsa alikuwa ametega sikio, kama mtu anavyotega sikio nyumbani kujua mwenzake yuko chumba gani.

Ndipo akakielewa alichokifanya.

Filamu nzima Hamud alikuwa mtu mwingine. Alikuwa jitu, alikuwa mbweha, alikuwa mkuu wa kijiji, na sauti alizitoa puani, kifuani, kooni, popote isipokuwa pale alipozitoa akiwa nyumbani. Kwenye theluji tu, alipokosa mtu wa kumwigiza, ndipo alipozungumza kama yeye. Mume wake, aliyetoka bila chai, ana kero zake, anaita jina la mkewe kwa namna aliyoliita akiwa mlangoni. Sauti nyingine hakuacha. Alikufa kabla ya hizi simu zinazorekodi kila kikohozi. Katika dunia nzima Hamud alibaki mahali pamoja tu akiwa Hamud, na yeye Shamsa alikaa juu ya kigoda katikati ya vifungo, akamfuta kwa bodaboda na muuza viatu, tena kwa uangalifu, asibaki hata kidogo.

Moyo ulimuuma kuliko ulivyomuuma siku ya msiba. Siku ya msiba hasira ilimkinga. Sasa hasira hakuwa nayo, ameshaitua mwenyewe.

Binti bado anatembea. Bi Shamsa akaanza kuomba mtu aseme. Ukumbi umejaa watu waliomchosha nusu ya umri wake. Walikuwa wakijua kila neno, mpaka vikohozi. Aseme mmoja tu, aseme yeyote, kwa sauti mbaya yoyote. Hakuna aliyesema. Alisikia watu wanajisogeza vitini, wanameza mate, neno limewafika kooni wanalirudisha. Mistari ya nyuma mwanamke mmoja akashindwa, akaanza, "Sham..." na papo hapo sauti zikamshukia kutoka pande zote:

"Shh! Mwenyewe yupo!"

"Acha mama. Tumeambiwa."

Mwanamke akanyamaza. Bi Shamsa alitaka kugeuka awaambie mwacheni, mwacheni aseme, mimi ndiye ninayetaka. Lakini shingo haikugeuka na mdomo haukufunguka. Angewaambia nini, na wao wote wanamfanyia heshima aliyoidai mwenyewe? Alikaa akiutazama weupe ule mpaka ukamuumiza macho. Kimya chote kile kilikuwa chake. Kila mtu mle ndani alikuwa amempa kipande.

Hatimaye binti akakanyaga ardhi kavu, akaufikia mlango, akabisha. Bibi kizee asiye na uso akafungua, na sauti ya Hamud ikarudi, nyembamba, ya kutetemeka, "Karibu, mjukuu wangu." Ukumbi ukaachia kicheko kikubwa, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Bi Shamsa aliinamia mbele akaisikiliza sauti ile neno kwa neno, akimtafuta mumewe ndani yake. Hakumpata. Alikuwa bibi kizee kamili, kazi safi ya fundi.

Mgeni akamwinamia sikioni. Uso wake, kwa mwanga wa pazia, ulikuwa na furaha ya mtu aliyelipa deni zito.

"Umeona, shemeji?" alinong'ona. "Hata mmoja hajathubutu."

"Nimeona, shemeji," alisema Bi Shamsa. "Ahsanteni sana."